Nilitoa Stabilaiza, Nikamsingizia Mjomba

Makosa ni yangu, si ya mtu mwingine. Nimenyamaza miaka mitatu na imenichosha.

Mimi ni fundi wa magari hapa Eldoret. Mjomba wangu, mwenye duka la mbegu, aliniletea gari yake ikigonga-gonga chini. Bushi za stabilaiza, zile raba zinazoishikilia, zilikuwa zimeisha. Stabilaiza ni ile chuma inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia, ili gari isilale ikikata kona. Uvivu ulinishika. Badala ya kuweka bushi mpya, nikatoa chuma yote! Kelele ikaisha, Mjomba akanisifu mbele ya kanisa.

Jumamosi hiyo tukaenda Kaptagat kuniposea Rhoda. Mimi ndiye dereva, Mjomba kando yangu, nyuma mke wake na pasta. Kwa barabara nyoofu hakukuwa na shida. Kona ya kwanza, gari ikalala tukadhani inapinduka.

Mjomba akauliza kuna nini. Ningesema ukweli hapo! Nikasema uzito haujakaa sawa, kwa hivyo tukikata kushoto, wote waegemee kushoto.

Wakatii. Gari ikatulia kidogo, wakaamini kabisa. Pasta akawa anaita kona, nao wanajitupa pamoja, Mjomba akicheka kama mtoto.

Kona ya mwisho iko mbele ya boma la kina Rhoda. Ukoo mzima ulikuwa umesimama kwa fensi. Wakaona wageni wa heshima, Mjomba na beji ya chama cha wazee wa kanisa kwa koti, wote wamelaliana upande mmoja wakipiga kelele, "Kulia!"

Babake Rhoda hataki hata kusikia pombe ikitajwa. Akaniuliza polepole, "Kijana, hawa wamekunywa?"

Niliogopa aibu ya kazi yangu. Nikajibu, "Ni Mjomba tu. Alionja kidogo kabla tutoke."

Mjomba hajawahi kuonja maishani. Alisikia. Alirudi kwa gari akafunga mlango. Pasta naye akakumbuka kile kicheko, akaamini.

Tulirudishwa bila chai. Rhoda aliolewa Ainabkoi. Mjomba aliondolewa kwa wazee wa kanisa, na tukikutana mjini anavuka barabara.

Jumatatu baada ya safari hiyo nilirudisha ile chuma na bushi mpya. Kazi haikuchukua hata saa moja.

Wewe fundi unayesoma hii, usinyamazishe gari ya mtu kwa kung'oa kitu. Na kama umeshang'oa, mwambie mwenyewe kabla hamjafika kwa watu.