Signali za Bati Kando ya Kitanda cha Baba

Baba alianguka kutoka juu ya paa la nyumba ambayo hakutaka kuijenga. Yeye na majirani walikuwa wamehamishwa na serikali kutoka kilimani, karibu na Nyamiaga wilayani Ngara, wakapelekwa kijiji kipya upande wa Kasulo, na kila kaya ilitakiwa iwe imeezeka kabla ya masika. Mimi sikuwepo. Nilikuwa Tabora, mfanyakazi wa reli, mwaka wa sita, kazi yangu kuongoza signali stesheni. Dada yangu aliyeolewa Bisibo, kule Biharamulo, ndiye aliyeniandikia: Baba amevunjika nyonga, Mama alishafariki zamani, na yeye ana watoto wanne wadogo. Nikaomba likizo ya mwezi mmoja.

Mwezi ulipokwisha, nyonga ilikuwa imeunga vibaya. Baba hakuweza kuketi bila kushikwa, wala kutoka nje bila kubebwa. Nikaenda kwa Mwenyekiti wa kijiji kuomba barua ya kusafiri, maana bila barua hiyo ulishushwa kwenye kizuizi cha kwanza.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Mzee anaendeleaje?"

"Bado. Lakini kazi yangu inanisubiri."

"Na mzee unamwachia nani? Kijiji?" Hakusema kwa ukali. "Jina lako nimeshaliandika shamba la pamoja. Vumilia kidogo."

Hicho kidogo kilikuwa miaka. Asubuhi shamba la pamoja, mchana kumgeuza Baba, kumwosha, kumpikia ndizi na maharage, jioni maji na kuni. Ratiba ya treni nilikuwa nayo kichwani bado. Nikiwa na jembe mkononi najisemea: sasa ya Kigoma inaingia. Halafu nainama tena.

Baba hakuwahi kuona treni maishani mwake. Siku moja namkanda mgongo, akaniuliza, "Hivi huko ulikuwa unafanya nini hasa? Miaka sita watu wananiuliza, nami najibu tu, yuko reli."

Nikamweleza juu ya kibanda chetu, vishikio vya chuma virefu kama mtu, na waya zilizotoka pale kwenda mbali hadi kwenye nguzo. Juu ya nguzo kuna mkono mwekundu. Mkono ukinyooka, treni isimame, ukiinama, ipite.

"Kwa nini dereva asitazame tu mbele?"

Nikaona maneno hayatoshi. Kesho yake nikaanza kumtengenezea.

Reli nilizifanya kwa matete yaliyopasuliwa, nikazilaza juu ya ubao mrefu kando ya kitanda chake, njia mbili zinazokutana zikawa moja. Treni ilikuwa vipande vitatu vya mti, magurudumu vizibo vya soda, nami naikokota kwa kamba. Hayo hayakunisumbua. Signali ndizo zilizonila miezi. Mikono niliikata kwenye kopo la maziwa ya unga, nikaipaka rangi nyekundu niliyoomba kwa fundi baiskeli. Mwanzoni niliivuta kwa uzi, lakini mvua zilipoanza uzi ukalegea kwa unyevu, mkono ukawa unainama nusu. Signali ya namna hiyo ni afadhali isiwepo, maana dereva hajui aambiwe nini. Nikatafuta waya wa breki ya baiskeli. Nyuma ya kila mkono nikafunga nati nzito, ili waya ukikatika mkono urudi wenyewe kwenye simama.

"Kwa hiyo kitu kikiharibika, watu wote wanasimama," alisema Baba.

"Ndiyo, Baba. Ndiyo kanuni."

Akacheka kidogo, kicheko ambacho sikukipenda.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kuzuia vishikio viwili visivutwe pamoja, maana treni mbili zingekutana. Nilichonga kijiti chenye pengo kinachoteleza kati ya hivyo viwili: ukivuta kimoja, kijiti kinasogea na kukifunga kingine. Niliharibu vijiti vitano. Cha sita kilipokubali, nilimwekea Baba vishikio karibu na mkono wake wa kulia, akavuta kimoja, mkono wa signali ukainama, akavuta cha pili, kikagoma. Akakivuta tena kwa nguvu. Kikagoma.

"Ee!" akasema. "Huyu hadanganyiki."

Tangu siku hiyo alikuwa mkali kuliko mkuu wangu wa Tabora. Waumini waliokuja kumsalimia baada ya ibada aliwaonyesha, na mimi nikasimama na kamba yangu nikisubiri ruhusa huku maharage yanaungua. "Subiri," aliniambia. "Kuna ya Kigoma." Kigoma hakuijua hata kwa ndoto.

Kisha vita ikaja. Malori ya jeshi yalipita, vijana wakaandikishwa, chumvi na sabuni vikapotea, na redio ya jirani ikasema treni zinabeba askari. Nikarudi kwa Mwenyekiti.

"Sasa hivi?" aliniambia. "Hata mimi kufika Ngara mjini naulizwa maswali. Kaa na mzee wako."

Muda mfupi baadaye nilikuwa nabadilisha nyasi za godoro la Baba. Nilimbeba nikamlaza mkekani, nikainua godoro, nikaona bahasha ya kaki yenye mhuri wa reli. Haikufunguliwa. Kingo zake zilikuwa zimelainika kwa jasho. Nikaifungua pale pale nimesimama. Nilitakiwa kuripoti kazini ndani ya siku thelathini, la sivyo nitahesabiwa nimeacha kazi. Iliandikwa kabla vita haijaanza.

"Baba, hii ilikuja lini?"

"Katekista aliileta ulipokuwa shamba."

"Ulijua ni ya nini?"

"Niliona mhuri. Sikumpa mtu anisomee. Nilidhani nisipoyajua yaliyomo, ni kama haijafika." Akanitazama. "Inasemaje?"

"Inasema nirudi. Siku zimepita."

Akageuza uso ukutani. Nilitoka nikatembea hadi mwisho wa kijiji, mbio mbio, kama mtu mwenye safari. Kwenye kizuizi mgambo mmoja, jirani yetu, akanyanyua rungu lake.

"Unakwenda wapi, ndugu?"

Nilifikiri. "Siendi popote," nikamwambia, na ilikuwa kweli. Nikarudi, kwa sababu Baba alikuwa bado mkekani, na peke yake hakuweza kujiinua.

Siku tatu nilimwambia maneno ya lazima tu: kula, geuka, kunywa. Siku ya nne akasema, "Mkono wa pili umekwama."

Niliikagua signali, mkono ukawa umekwama kweli, kwa kutu. Nikiwa nimepiga magoti naupaka mafuta, nikamsikia akisema kwa Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani, taratibu, "Niliogopa kufia hapa peke yangu, mahali nisipopajua. Kule kilimani ningekuacha uende."

Niliendelea kupaka mafuta muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha nikamwambia ajaribu. Akavuta.

Vita ilipokwisha, dada aliruhusiwa kuja majuma mawili, naye Mwenyekiti akaniandikia barua bila kuuliza kitu. Nilipanda lori hadi Kahama, nikafika Tabora. Karani alifungua daftari, akanionyesha jina langu limekatwa kwa mstari. Nafasi yangu ilikuwa na mtu. "Ila kwenye kundi la kumwaga kokoto njiani mwa reli wanahitaji watu," akasema. "Njoo Jumatatu."

Nilikuwa na siku tatu za kufikiri. Hakuna aliyeniuliza barua, hakuna kizuizi. Nilikaa kwenye benchi la stesheni nikatazama treni zikiingia na kutoka, nikahesabu siku za dada zilizobaki. Jumatatu nilikuwa juu ya lori, narudi.

Nilipoingia, dada alikuwa anamwosha Baba miguu kwenye beseni.

"Wamekukataa?" Baba akauliza.

"Wamekataa."

"Pole, mwanangu," akasema, na uso wake ukatulia, ingawa alijitahidi nisiuone. Nikaenda kubadilisha nguo.