Kombe la Mkono Mmoja

Mpira siupendi, na sikuanza kuuchukia siku niliyovunjika mguu. Siupendi tangu mwanangu alipokuwa anatoka chuoni na msahafu kwapani, suruali imechanika gotini na udongo umemfika masikioni. Nilimsema, nilimchapa, nikamtwika kazi za shamba asipate nafasi, wapi. Mwishowe akawa mchezaji wa kulipwa wa timu moja ya kaskazini, ligi kuu, na mimi nikabaki na jezi zake za kufua. Mtu mzima na ndevu zake analipwa kwa kukimbia. Dunia ina mambo.

Mwaka ule timu yao ilianza vibaya hata majirani zangu wa Ole wakawa wananipa pole nikienda dukani. Walifungwa nyumbani, walifungwa Unguja, wakawa wanarudi na boti wamejiinamia. Halafu, sijui walilishwa nini, wakaacha kufungwa. Watu wa Unguja walisema ni uchawi. Wakifungwa na Mpemba huwa hawana neno jingine. Mimi niliyekuwa nafua najua uchawi wenyewe, ulikuwa ni matope ya mazoezi ya alfajiri, yanayogoma kutoka hata uyasugue mpaka viganja viote malengelenge. Mwanangu alikuwa mshambuliaji. Kila akifunga bao, wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu ninayekaa naye, alinipigia kigelegele uani kana kwamba mfungaji ni mimi.

Ligi ingekwisha kwa wakati wake, haya yasingetokea. Lakini masika yalizamisha viwanja, mechi zikaahirishwa moja baada ya moja, na msimu ukaburuzwa hadi ukaingia kwenye karafuu. Mpemba hahitaji kuelezwa maana yake. Karafuu ikiiva haimsubiri mtu: usipoichuma itachanua, na ikishachanua hainunuliki. Mimi ni mjane, na mikarafuu aliyoniachia marehemu ndiyo chakula changu cha mwaka mzima. Mpandaji wangu wa kileleni alikuwa mmoja tu, huyo huyo mwenye jezi.

Ndipo alipokuja mzee wa timu, kanzu imenyooshwa pasi, amefuatana na mwalimu anayewafundisha mpira. Aliniuliza hali yangu, akauliza ya wifi yangu, akauliza ya mbuzi. Nilijua kuna jambo. Mpemba mwenye ombi zito huanza na mbuzi.

"Bi mkubwa, tumekuja kukuomba," alisema alipomaliza kahawa. "Kijana asipande nti mpaka ligi ishe. Ntu akivunjika saa hizi, tumevunjika sote."

"Na karafuu zangu?"

"Tutakuletea vijana wachume. Hutopoteza kitu."

Moyo ulinikataa. Lakini mzee kama yule akikujia barazani kwako, akakwambia nakuomba mbele ya watu wa nyumba yako, huna mlango wa kutokea. Nikasema nimesikia. Na kwetu ukisema umesikia, umeshakubali.

Haki ya Mungu, vijana walikuja, na walichuma vizuri. Walichuma mpaka siku moja kabla ya mechi ya mwisho. Mechi ile ilikuwa Gombani, na timu ikishinda inachukua ubingwa, ikitoka sare inaukosa. Asubuhi ile sikumwona kijana hata mmoja. Mwanangu alinibusu mkono akaniomba radhi, nikamwambia nenda, Mungu akupe. Adhuhuri iliswaliwa mbiombio, na baada ya hapo Ole ikamwaga wanaume wote barabarani. Walikwenda kwa gari, kwa vespa, kwa baiskeli, na wasiokuwa na chochote walikwenda kwa miguu. Wazee waliokuwa hawawezi kufika msikitini bila kushikwa mkono, siku ile waliweza.

Nilikwenda shamba na wifi yangu na jirani yetu mmoja, mwanamke mwenzetu, tukachambue karafuu za jana, kuzitoa kwenye makonyo yake. Nikainua macho. Kwenye ule mkarafuu mkubwa, matawi ya juu yalikuwa yameshaanza kuchanua. Nilipandwa na hasira ambayo hata leo nikiikumbuka nasikia joto usoni. Nilimkasirikia mzee na kanzu yake, nikawakasirikia vijana, na mwanangu pia. Nikavaa suruali ya marehemu chini ya dera, nikatundika kikapu begani, nikapanda.

"Shuka, weye," wifi alisema. "Hiyo si kazi yako ya juu."

"Ya nani? Nionyeshe mwanamume mmoja hapa nimpishe."

Mkarafuu ni mti usiojua kuonya. Mwembe utalia kwanza, mkarafuu hukatika tu. Nilisikia mlio mmoja chini ya unyayo, halafu nikajiona nipo chini, anga iko juu yangu na paja langu la kulia limelala upande ambao paja halilali. Sikupiga kelele. Maumivu yalikuja baadaye, na yalipokuja yalinitoa hata jina la Mungu mdomoni.

Jambo la kwanza nililosema, nalikumbuka vizuri, ni kuwa mwanangu asiambiwe. Mechi ilikuwa imeshaanza. Jirani alikuwa na redio kwenye simu yake, na mtangazaji alikuwa anapayuka humo kifuani mwake alimokuwa ameipachika. "N'acheni acheze," nilisema, nikajiona mama hodari.

Uhodari wenyewe haukudumu. Wifi alipiga simu kwa kila mwenye gari tunayemjua. Zililia bila kupokewa, na aliyepokea mmoja alisema, "Nani? Sisikii, bao!" akakata. Jirani alikimbia mpaka njia kuu akarudi anahema: hakuna gari, hakuna vespa, hakuna hata mkokoteni. Kijiji kizima kilikuwa na wanawake, watoto wachanga na mimi. Paja lilikuwa linavimba, na mdomo ulianza kunikauka. Niliwahi kuona mtu aliyeanguka mkarafuuni, alivunjika paja kama mimi, na hakuiona Ijumaa iliyofuata.

Hapo nikasema apigiwe mwanangu. Nikanyang'anya simu yangu mkononi mwa wifi, nikapiga mwenyewe. Iliita mpaka ikakatika yenyewe. Nikapiga tena, na tena. Nilikuwa najua fika kuwa simu za wachezaji hukusanywa na mwalimu kabla ya mechi zikatiwa mkobani, na bado nilipiga, nikamsema kwa sauti kama ananisikia, nikamwita kwa jina lake la utotoni. Niliogopa kufa. Niliogopa zaidi kufa huku yeye akishangilia.

Wanawake walikusanyika. Walileta kitanda cha kamba kutoka kwangu, wakanifunga paja kwa kanga na vijiti, wakanipakia. Wakaninyanyua wanne wanne, wakipokezana, kuelekea njia kuu, kwa nia ya kwenda hivyo hivyo mpaka hospitali ya Chake ikibidi. Kila mtu akikosea hatua, mimi nalia. Jua lilikuwa linanipiga machoni, basi wifi akatandua kanga yake akanifunika mwili mzima mpaka usoni. Alikuwa ananihurumia, masikini. Hakufikiria tunafanana na nini.

Redio ilikuwa bado kifuani mwa jirani, na alikuwa amenishikia mguu wa kitanda upande wa kichwani. Kwa hiyo niliisikia filimbi ya mwisho nikiwa gizani, ndani ya kanga. Mtangazaji alilitaja jina la mwanangu. Bao lilikuwa lake. Hakuna mwanamke hata mmoja aliyepiga kigelegele, na mimi nilikuwa nauma ncha ya kanga nisipige ukelele.

Tulipofika njia kuu tulianza kuzisikia honi kutoka upande wa Gombani. Mabingwa walikuwa wanakwenda kwao kaskazini, lori mbele, magari na vespa nyuma, ngoma zinapigwa. Halafu honi zikanyamaza. Ngoma nazo zikanyamaza, moja baada ya moja, mpaka nikasikia injini peke yake, na hiyo pia ikazimwa. Walikuwa wameona kitanda kimebebwa kimefunikwa, na kwetu maiti ikipita furaha husimama. Nilisikia wanaume wanaruka kutoka kwenye lori, viatu vya mpira vinagonga lami. Walikuja kutia bega, kwani kumbeba maiti hatua chache ni thawabu hata kama humjui. Lakini walipokaribia nilisikia mmoja anamnong'oneza mwenziwe: "Mbona wanaobeba ni wanawake?"

Mguu wa kitanda ulio karibu na sikio langu ukapokewa. Aliyeupokea alikuwa ananuka jasho na ile dawa ya kuchulia misuli ambayo haitoki kwenye jezi. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema taratibu, kama inavyosemwa kwa maiti ya mtu mwingine.

Nikaivuta kanga usoni. "Bado," nilimwambia. "Usinisomee."

Sijawahi kuuona uso wa mtu ukibadilika vile, na sitaki kuuona tena. Alikuwa na medali shingoni. Aliita mama mara moja tu.

Walinipandisha kwenye lori na kitanda changu, wifi akapanda nami, kombe likasogezwa pembeni, lori likageuzwa kurudi Chake. Kichwa changu kilikuwa mapajani mwa mwanangu. Dereva alikwenda kasi, na kila shimo nililihisi kwenye mfupa. Nikajipa moyo kuwa tumepona. Tukafika Gombani.

Uwanja ulikuwa bado unamwaga watu, na barabara ilikuwa imejaa mpaka mitaroni. Walipoliona lori la mabingwa linarudi, wakadhani wanaletewa kombe kwa mara ya pili. Wakalizunguka. Dereva alipiga honi wapishe, wakaicheza ile honi. Nahodha alisimama akapiga kelele, "Mgonjwa! Tuna mgonjwa!" wakamjibu kwa kuimba jina lake. Watu walining'inia kwenye mbavu za lori. Wachezaji wengine walishuka kuwasukuma, wakanyanyuliwa mabegani wakapelekwa kusikojulikana. Nilikuwa nasikia baridi, jua lile. Nilianza kutamka shahada chinichini, na mwanangu akaona midomo yangu inavyokwenda.

"Usiseme hivyo, mama. Mama, usiseme."

Alinitia kichwa mapajani mwa wifi, akasimama, akamwambia nahodha, "Nipe." Nahodha hakuelewa, akaling'ang'ania kombe. Walivutana kidogo, watu wawili waliotoka matopeni pamoja tangu mwanzo wa msimu. Kisha mwanangu akalipata kombe, akaliinua juu kwa mikono miwili watu walione vizuri, wakapiga kelele hata lori likatetemeka. Akalitupa. Alilitupa upande wa mtaroni, mbali kadiri alivyoweza, na umati wote ukalifuata. Walikanyagana, wakalirukia, wakapigana vikumbo kulishika. Mbele ya lori kukabaki lami tupu na viatu vilivyovuliwa. Dereva akakanyaga mafuta.

Hospitali walisema tungechelewa zaidi, damu ingeniishia ndani ya paja. Usiku ule sikumbuki mengi. Nakumbuka asubuhi, mwanangu yuko kwenye kiti kando yangu na jezi ya jana, amewasha simu yake anaitazama.

"Ulinipigia," alisema.

"Nilipiga."

"Nilikuwa…"

"Najua ulikuwa wapi. Nilikusikia redioni."

Akainamisha kichwa kwenye ubavu wa kitanda akalia kwa sauti, bingwa mzima, wodini, wagonjwa wote wanamtazama. Nikamwekea mkono kichwani. Na mimi nililia, na kwa mara ya kwanza tangu nianguke mtini hayakuwa maumivu yaliyoniliza.

Karafuu zangu zote zilichanua. Mwaka ule nilikula vya watu. Mguu uliunga, lakini umekuwa mfupi kuliko mwenzake, natembea kwa kuegemea upande mmoja. Kombe nalo lilirudi baada ya siku kadhaa, liliachwa mlangoni pa ofisi ya timu limefungwa kwenye mfuko, limebonyea na mkono wake mmoja haupo. Hakuna aliyejitokeza kusema uko wapi. Mzee wa timu aliniletea nilione, kanzu imenyooshwa pasi vile vile, na safari hii hakuuliza mbuzi. Alikaa barazani akalilaza mapajani. Nilikuwa nimemwekea maneno yake tangu hospitali, maneno makali. Nilipomwona anavyopitisha kidole pale mkono ulipokatika, nikamwambia anywe kahawa.

Msimu huu ligi imechelewa tena, na mikarafuu imezaa. Mwanangu bado anacheza. Siku ya mechi mwalimu hukusanya simu za wote akazitia mkobani, isipokuwa moja. Hiyo hukaa na mzee wa timu kwenye benchi, mkononi, imewashwa, na watu wananiambia haiachi hata bao likifungwa. Mimi huwa nimekaa kitako chini ya mti na mguu wangu mfupi, nawasimamia wachumaji, simu yangu iko kwenye ncha ya kanga. Sijawahi kupiga.