Mchumba Aliyeuza Anwani za Kijiji Chetu

Baba yangu hakuwa na masharti mengi kwa mwanaume wa kunioa. Awe anasali, na kazi yake iwe ya kuelezeka. Hilo la pili ndilo lililoninyima usingizi. Mchumba wangu alikuwa anakaa Iyunga, Mbeya, kwenye chumba kimoja chenye kompyuta mbili, na kila alipoulizwa anafanya kazi gani alijibu, "Niko mtandaoni." Mtandaoni si kazi. Hata shangazi yangu yuko mtandaoni tangu asubuhi hadi jioni, na hajawahi kulipwa.

Nilimpenda, niseme wazi. Alinichekesha mpaka nikashika ukuta, na mimi si mtu wa kuchekeshwa kirahisi. Nafundisha hisabati kidato cha pili.

Alikuwa na tovuti ya bei za mazao: viazi, mahindi, maharage, mchele wa Madibira. Mkulima akitaka kuona bei ya leo, kwanza anajaza jina lake na barua pepe, ndipo ukurasa unafunguka. Siku moja tukiwa tunakula chipsi mayai akaniambia, huku uso wote unang'aa, kwamba amempata mtu wa kununua orodha nzima. Majina na anwani za wakulima, tena wengi wao wa kwetu Iringa.

"Anazinunua za nini?" nikauliza.

"Matangazo tu. Jamaa anauza vitu vya kila aina. Hii biashara dunia nzima wanafanya."

Nikamwambia mimi hilo silipendi. Akasema nitazoea. Juma lile lile orodha ikaenda, naye akanunua viatu vyeupe, viatu ambavyo kwa tope la Iyunga ni kujitafutia ugomvi na mvua.

Sasa lazima nieleze mambo ya kijijini kwetu, maana bila hivyo hakuna atakayeelewa. Tangu sijazaliwa, kijiji kizima kilikuwa na sanduku moja la posta, la usharika, na ufunguo alikaa nao baba, mzee wa kanisa. Barua ya mtoto aliyeko Dar, barua ya shule, majibu ya hospitali, zote zilikuja kwenye sanduku hilo, na Jumapili baada ya ibada baba alisimama kwenye ngazi za kanisa akaita majina. Barua pepe zilipoingia, kijiji hakikuona sababu ya kubadili utaratibu. Kaka yangu alimfungulia baba anwani moja kwenye simu, na watu wakaipokea kama sanduku jipya. Mwenye kujaza fomu ya chuo aliandika anwani ya baba. Mwenye kuomba mbegu, ya baba. Na wote walipoingia kwenye ile tovuti kuangalia bei ya viazi, kila mmoja aliweka jina lake mwenyewe na anwani ya baba.

Mimi nimekaa mjini miaka mingi, hata jambo hili lilishanitoka kichwani. Lilinirudia likizo ya Juni, nilipokwenda nyumbani kumsubiri mshenga wa mchumba wangu, ambaye angekuja Jumamosi kuleta barua ya posa. Nilifika mapema ili nimpikie baba vizuri na kumlainisha.

Jumapili ya kabla ya posa, ibada ilipoisha, baba akapanda kwenye ngazi na simu yake mkononi. "Leo barua ni nyingi mno," akasema. "Sijui serikali imetukumbuka!"

Watu wakasogea. Wa kwanza kuitwa alikuwa mwinjilisti wetu, mtu asiye na unywele hata mmoja. Baba hajawahi kusoma barua ya mtu, kwa hiyo alimpa simu asome mwenyewe. Mwinjilisti akapapasa mifuko, miwani hana. "Nisomee tu, mzee mwenzangu. Mimi sina siri."

Basi baba akasoma, kwa sauti ile ile ya kutangazia ndoa. Barua ilimtaja mwinjilisti kwa majina yake matatu, ikamwita mpendwa, ikamuuliza kama amechoka kuona aibu kwa sababu ya kipara chake. Kulikuwa na mafuta ya kupaka asubuhi na jioni.

Hakuna aliyecheka. Tulikuwa tunajizuia kwa nguvu zetu zote. Waliofuata nao wakataka kusomewa. Akaitwa mzee mmoja mwembamba kama mpini wa jembe, akaahidiwa kuondolewa kitambi. Mzee akajishika tumbo kwa mikono miwili, akitafuta. Kisha akaitwa shangazi yangu, mjane aliyekataa wachumba wa kata nzima na anayejivunia hilo hadharani. Barua yake ilimuuliza kama bado anateseka kulala peke yake kwenye baridi.

Shangazi aligeuka akatazama kila uso. "Nani kanisema mimi? Huyu anayeuza dukani huko kajuaje ninavyolala?"

Hamu ya kucheka ikakatika. Watu wakamwangalia baba. Miaka yote hiyo ya kukaa na ufunguo, hakuna aliyewahi kumdhania kuwa anachungulia barua za watu, na sasa nikaona macho yanauliza. Jioni hata salamu zao za kamwene njiani zilikuwa baridi. Baba hakumaliza chakula chake. Akasema, "Nikimpata aliyetoa majina ya watu hawa, nitamweka mbele ya usharika wote," na mimi nikajua moyo wake umeumia kweli.

Nikaomba ile simu. Chini kabisa ya tangazo, kwa maandishi madogo, iliandikwa kwamba unapokea ujumbe huu kwa kuwa uliangalia bei ya mazao. Tovuti yenyewe ilitajwa. Nikatoka nje mpaka kwenye zizi la ng'ombe, nikapiga simu Mbeya.

"Zile anwani ulizouza, uliziangalia?"

"Niliangalia wingi wake. Ni nyingi balaa."

"Ni baba yangu."

"Baba yako yupi?"

"Mimi ninaye mmoja! Umemuuza, ukamuuza tena, ukarudi ukamuuza. Zote ni yeye!"

"Sasa Jumamosi itakuwaje?"

"Jumamosi umwambie mwenyewe."

"Si anaongea mshenga? Mimi kwa utaratibu nabaki kwenye gari."

Nilimkatia simu. Ng'ombe akaniangalia, nikamwambia na yeye aangalie mambo yake.

Jumamosi mshenga akaingia na tai nyekundu. Alikuwa baba mdogo wa mchumba wangu kutoka Tukuyu, mwenye sauti ya kusikika hadi bondeni, na hakuwa ameambiwa lolote. Mimi nilikuwa jikoni na shangazi, sikio dirishani. Salamu zikaenda vizuri. Baba akauliza kijana anafanya kazi gani.

"Kijana wetu ni mfanyabiashara wa kisasa," mshenga akasema kwa majivuno. "Anauza anwani za watu."

"Watu gani?"

"Wakulima! Tena wengi ni wa huku huku kwenu!"

Shangazi akaacha mwiko umesimama ndani ya ugali. Nikasikia baba akisoma tangazo la kipara, taratibu, halafu akauliza, "Na hii imetoka kwenu?"

"Inawezekana kabisa!" mshenga akajibu, akidhani anasifiwa.

Baba hakupandisha sauti. Akaifungua barua ya posa akaisoma mbele ya wazee. "Kwa heshima na unyenyekevu tunaomba mturuhusu..." Akaishia hapo, akavua miwani. "Kumbe kuomba mnajua."

Akaagiza mwenye jambo atolewe garini. Mchumba wangu akaingia na viatu vyake vyeupe mkononi, akakaa kwenye kigoda. Akasema, "Nisamehe, baba."

"Usiniombe mimi. Mimi nilikuwa sanduku tu. Wenye majina wapo, kesho utawakuta kanisani. Utawaeleza mmoja mmoja, na huyo uliyemuuzia umwambie afute. Utaanza na shangazi wa binti yangu."

Jikoni, shangazi akajifunga kanga upya.

Kisha nikaitwa. Kwetu binti huulizwa mbele ya wote kama anawafahamu wageni, naye husema anawafahamu, vigelegele vinapigwa, soda zinafunguliwa. Shangazi alisimama nyuma yangu, kifua kimejaa tayari. Baba akauliza, "Binti yangu, wageni hawa unawafahamu?"

Nikamtazama yule mwanaume kwenye kigoda. Aliniambia mshenga angekuja lini. Aliniambia tutakaa Iyunga, na vitenge vya sare vitakuwa rangi gani. Nikatafuta kichwani siku aliyowahi kuniuliza kama nataka, sikuiona. Iliniuma, tena nilijishangaa kwamba iliniuma hapo, mbele ya watu, na si zamani.

"Nawafahamu," nikasema. "Na huyu nampenda. Lakini mimi mwenyewe hajawahi kuniuliza."

Shangazi akapiga vigelegele. Vilishapanda, asingeweza kuvirudisha.

Vilipokwisha, baba akamgeukia kijana. "Haya. Uliza."

Akasimama peku kwenye sakafu ya baridi, jasho linamtoka Juni ile ya Iringa, akaniita kwa jina langu. Mshenga alitaka kumsaidia maneno, baba akamzuia kwa mkono. Akaniuliza kama ninakubali awe mume wangu, na kama sitaki niseme tu, atarudi Mbeya bila kinyongo. Machozi yakanilenga, na jibu nilikuwa nalo mdomoni.

Nikamwambia nitamjibu kesho, akishamaliza na shangazi.