Kompyuta ya Mfukoni na Ng'ombe wa Mzee Gidamis

Sisi tuliokulia Basotu kabla simu hazijaingia mifukoni tuliamshwa na viboko wakikoroma ziwani na matrekta yakiguruma kwenye mashamba ya ngano. Tulikimbiza matairi mabovu mpaka miguu ikawa myeupe kwa vumbi, tukarudi kula ugali kwa maziwa mgando. Ukimpita mzee bila shikamoo, habari ilifika nyumbani kabla yako, na hapakuwa na mtandao wowote.

Mama alikuwa daktari wa mifugo, mgeni kutoka Njombe. Siku mradi wa mifugo ulipompa kompyuta ya mfukoni tulidhani ni kioo cha kujitazamia. Ilikuwa ya kijivu, na kijiti cha kuandikia kimechomekwa ubavuni. Mama alitusimulia walioiunda kama anayesimulia ukoo: watu wa ng'ambo walioambiwa kompyuta haiwezi kukaa mfukoni, wakaikalisha. "Hawa watatuzika sisi," alisema. Kasoro yao aliijua pia. Kumbukumbu ya mashine ile iliishi kwa betri. Ulipozibadilisha, ilikuvumilia kwa pumzi chache tu, kisha ikasahau kila kitu.

Mwaka ambao homa ya mapafu iliingia kwenye ng'ombe, Mama alilifunga boma la jirani yetu, Mzee Gidamis. Ng'ombe wake wasingekwenda ziwani kuchanganyika na wengine mpaka majibu ya damu yatoke. Walikunywa kwenye kilambo nyuma ya boma, na kilambo kikageuka tope. Mama akaenda maabara ya mjini Katesh, akayaingiza majibu yote kwenye mashine yake, akarudi. Asubuhi yake sote tulikuwa langoni. Ng'ombe walilia sauti ile ya kukwaruza inayokaa kifuani mwa mtu. Jike mmoja mweusi alilisukuma lango kwa kifua bila kupumzika.

Mashine ikalia kidogo. Betri zilikuwa zinakata roho.

Mama alikuwa na nyingine mpya. Akapiga goti, akafungua mgongo wa mashine, na upepo wa Mlima Hanang ulikuwa umemkausha vidole. Betri moja iliingia. Ya pili ikamponyoka, ikaangukia kwenye samadi. Mzee Gidamis aliiokota, akaifuta kwa shuka lake, akampa. Mama akaichomeka.

Kioo kikawaka. Kikamkaribisha. Kikamwomba achague lugha, kama vile hawajawahi kuonana.

Mama alibaki amepiga goti.

"Mama Daktari," Mzee Gidamis akasema taratibu, "mimi nikilala njaa nasahau hata jina la mke. Nikila, linarudi. Hii yako ikila, hairudishi?"

"Hairudishi, mzee."

"Lakini ulisoma jana. Wewe mwenyewe."

"Nilisoma. Nikikosea mmoja tu, akinywa ziwani, nimemaliza ng'ombe wa Basotu nzima."

Mzee alilitazama lango, akamtazama yule jike. Fimbo ilikuwa mkononi mwake, na vijana wake walikuwa nyuma yake. Niliogopa. Mwishowe akatema mate pembeni, akasema, "Basi nenda. Ila sauti hii ya ng'ombe uende nayo."

Mama akapanda pikipiki kurudi Katesh. Vumbi lake halijatulia, mke wa jirani mmoja alikuwa ameshafunga madumu kwenye punda wake. Hakuna aliyeitisha mkutano. Punda wakapanga mstari kutoka ziwani, na sisi watoto nyuma yao na ndoo vichwani, maji yakitulowesha migongo. Hata waliokuwa wamemnunia Mzee Gidamis kwa ugomvi wa malisho walimimina kwenye hori lake, wakaondoka bila kumsalimia. Tulibeba mpaka Mama aliporudi, safari hii majibu yakiwa kwenye karatasi. Aliyekuwa mgonjwa ni yule jike mweusi. Wengine wote walitoka wakikimbia.

Wale waungwana wa ng'ambo hawakutuzika. Simu zilipojifunza kufanya kazi ya kompyuta yao, kampuni iliuzwa, ikagawanywa, ikauzwa tena, mpaka likabaki jina. Sasa nasikia wapo wanaotaka kulifufua jina hilo kwa kifaa kipya kidogo, kisichosahau kitu. Huenda wakafaulu. Vijana wa siku hizi watakinunua, wakipige picha kabla hawajakiwasha, kisha walalamike kwamba kina uzito.

Mwaka jana boma la mjukuu wa Mzee Gidamis lilifungwa kwa ugonjwa uleule. Kundi letu la simu, sisi wa Basotu tuliotawanyika hadi Arusha na Dar, tulipata habari kabla chai haijapoa. Zilimiminika pole, vikatuni vya mikono ya kuomba, maombi marefu yaliyonakiliwa kutoka mahali fulani. Mama, mstaafu sasa, aliandika mstari mmoja: "Na maji wanakunywa wapi?"

Alinionyesha juzi. Chini ya swali lake pana tiki mbili za buluu tu. Tumelisoma wote.