Boma la Miiba Ng'ambo ya Mto

Darasani nilikuwa hodari wa swali moja: nchi iliyojilimbikizia silaha kabla ya vita ilitaka kushambulia, au iliogopa tu? Niliwaambia wanafunzi wasibabaishwe na wingi wa bunduki. Waangalie reli zinaelekea wapi, chakula kimerundikwa wapi, na raia wa mpakani wamehamishwa au wameachwa. Walinakili, wakapata alama zao, nami nikajiona mtu wa maana sana.

Kisha ukame ukawaleta wafugaji wa ngamia kutoka kaskazini mashariki hadi ng'ambo ya mto wetu mkavu, huku Kanyangi. Ngamia waliingia kwenye mbaazi zetu, maneno yakawa makali, mtu akapigwa fimbo. Baada ya hapo vijana wao waliongezeka na miiba ikaanza kukatwa. Kakangu akatoa mishale.

"Hawa wanatupangia, mwana wa mwaitu," aliniambia. Ndivyo tunavyoitana, watoto wa mama mmoja. "Leo jioni tunawawahi. Ama tungoje watuchomee ndani ya nyumba?"

"Umewaona wakijipanga, ama umewaota?"

"Wewe na hizo historia zako! Enda basi ukaangalie."

Nilienda kwa hasira, si kwa ushujaa. Nilimkuta mama mmoja wa makamo akifunga mikeka juu ya fito za nyumba mpya. Kando yake ngamia alikuwa ametoka kuzaa, na ndama hata kusimama hawezi. Miiba yote ilikuwa imerundikwa upande unaotazama kwetu, na upande wa nyuma umeachwa wazi uwe wa kukimbilia. Hao hawakuwa watu wa kushambulia. Nilipumua.

Tulijuana naye, alikuwa akituuzia maziwa. Siku hiyo hakunipa mkono.

"Mwalimu, watoto yenu iko wapi?" aliniuliza. "Siku hizi hatusikii hata moja ikilia."

Tulikuwa tumewapeleka Mbumbuni, mbali na mto, kwa mama yetu, wangu na wa kakangu, pamoja na mbuzi.

Nilirudi mbio. Nyumbani nilikuta kakangu na wenzake wakivua mishale ngozi. Kwetu mshale wa sumu hufungwa ukanda wa ngozi laini ili sumu isikauke, na hauvuliwi mpaka siku ya kuutumia. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kule ng'ambo.

"Umeona nini?" aliuliza.

"Watu wanaotuogopa. Wanaojiandaa kushambulia nawaona hapa."

"Una uhakika? Ukikosea, tutazikwa."

Sikuwa nao. Darasani ukikosea unapoteza alama tu. Nilitoa simu, nikampigia mama mbele yao wote, nikamwambia aniletee watoto wangu kabla jua halijazama, wacheze uwanjani wasikike hadi ng'ambo.

Kakangu aliokota ukanda wa ngozi, akaanza kuufunga tena mshale uliokuwa mkononi.

"Mwambie alete na wangu," alisema.