Mgomba Usiotoa Machipukizi

Nilikuwa tayari na wajukuu nilipojua kwamba kuna ndizi yenye mbegu. Kete tulizochezea bao kwa jirani yangu, fundi baiskeli hapa Kasongo, zilikuwa nyeusi, ngumu kama mawe, kubwa kuliko haragwe. Siku moja nikamuuliza ni za mti gani.

"Za ndizi," akasema. "Ndizi ya pori. Niliziokota kule Wamaza, kando ya kijito."

"Ndizi iko na mbegu? Unanidanganya kwa sababu unashindwa."

"Panda basi, weye mutu wa masomo."

Nilichukua chache. Nikazikwaruza juu ya jiwe, nikaziloweka katika maji ya vuguvugu, nikazifukia ndani ya kopo la maziwa. Nilikuwa karibu kuzisahau pale moja ilipotoa jani lililojikunja kama sigara. Mche ulipopata nguvu nikauhamishia mbele ya mlango, juu ya samadi ya mbuzi.

Mke wangu alisimama akanitazama. "Papa, hii itatupa kula siku gani?"

"Haitatupa. Ni ya kutazama."

"Kutazama! Na mihogo iko nyuma ya nyumba inangoja jembe."

Lakini mgomba ulipompita kimo, ni yeye aliyehamishia kiti chake chini yake. Pale ndipo alipochagulia mchele, na maji ya kuoshea mchele aliyamwaga kwenye shina. Asubuhi jua lilipita ndani ya majani, na uti mwekundu wa kila jani ukawaka. Shina lilivimba chini kama mtungi. Mimi nilikuwa nikipekua udongo kutafuta machipukizi, maana mgomba wa chakula hauishi bila watoto pembeni. Sikupata hata moja. Miaka ikapita, bado hakuna.

Kisha ua likatoka, zito, la rangi ya damu ya mzee, likaning'inia karibu na dirisha. Jioni popo walilijia.

"Uache ile ua, papa," mke wangu akasema. "Popo wako na kazi kwake."

Kwetu, mtu anayeacha ua la mgomba lining'inie wakati mkungu umeshatoka huitwa mvivu. Tunalikata ili ndizi zinenepe. Wapita njia walikwisha kuanza kunicheka, na popo walichafua mlango. Mke wangu alipokwenda sokoni, nikachukua panga.

Aliporudi aliliona ua chini. Alikiondoa kiti chake chini ya mgomba.

Ndizi zilipokauka nikapasua moja, halafu nyingine. Ganda gumu, nyuzi, na ndani hakuna mbegu. Hapo nikakumbuka somo la biolojia la sekondari: chavua, na wanyama wanaoibeba. Nililijua somo hilo, hata mtihani nilifaulu. Mgomba usiotoa machipukizi huacha mbegu tu, nami nilikuwa nimelikata ua, chavua na yote, kabla mbegu hazijaumbika. Mvua zilipoanza, majani yakalegea, shina likaoza, likaanguka kuelekea njiani. Pale kilipokuwa kiti cha mke wangu sasa jua linapiga wazi.

Nilikwenda kwa fundi baiskeli. Bao lilikuwa limepangwa.

"Nipe kete."

"Cheza kwanza, uzikule."

"Za kupanda. Zote."

Akanitazama, akacheka mpaka akakohoa. "Na sisi tutachezea nini? Meno yako?" Lakini alizimimina ndani ya kofia yangu. Siku hizi tunachezea kokoto.

Mke wangu alizipokea. Alizikwaruza mwenyewe, akazipanda mwenyewe katika makopo chini ya dirisha, na panga akaliweka mahali nisipopajua.

"Weye kazi yako ni maji," akaniambia.

Basi kila asubuhi ninamwaga maji ya mchele, ninainama, ninatazama. Leo udongo wa kopo la mwisho umepasuka, na katika ufa kuna kitu cha kijani, chembamba kama sindano. Sijamwambia. Nimekivuta kiti chake karibu na makopo, nikaketi mbali kidogo kumngoja atoke ndani.