Mama Hataki Mkwe Wake Ambebe

Admin, tafadhali ficha jina langu. Nina miaka thelathini na moja, naishi Kitale na mume wangu, na nina mimba ya miezi minane. Mimi ni mtoto wa pekee wa mama yangu, mjane anayetoka Chwele, Bungoma. Nimekwama, jamani.

Mama aliugua TB zamani, akapona, lakini mapafu yalibaki na makovu. Mwaka huu akaanza kukohoa damu nyingi ajabu. Daktari alisema hawatampasua, watapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa pajani hadi kifuani, wazibe mshipa unaovuja. Alituonya kwamba mara chache sana uti wa mgongo hukosa damu na mgonjwa akapooza. Mama alicheka. "Ati niogope miguu na damu inanimaliza? Nipelekeni." Walimpitishia huo mrija, damu ikakoma. Jioni hiyo akaniuliza mbona nimemwekea kitu kizito miguuni. Sikuwa nimeweka kitu.

Miguu haijasonga tena. Daktari simlaumu, alitwambia ukweli. Shida ni kwamba kwetu Wabukusu, mwanamke na mume wa binti yake hawagusani, hata kulala nyumba moja ni mwiko. Nilimpangia mama chumba chake peke yake kwenye ploti yetu ya nyumba za kupanga. Kumgeuza ni mimi, kumwosha ni mimi. Majirani walisaidia mwanzoni, sasa wakiniona wanakumbuka wameacha sufuria jikoni. Juzi nilianza kutokwa na matone ya damu, na nesi wa kliniki akanikataza kabisa kuinua kitu kizito.

Mume wangu ni Mkikuyu wa Kachibora, mwiko huo kwao haupo. "Si huyu ni mama tu? Wacha nimbebe, bana." Mama alipomsikia mlangoni alijifunika leso usoni. "Mwambie arudi! Mkwe anishike mapaja? Afadhali nioze hapa."

Na anaoza kweli, ana kidonda mgongoni kikubwa kama kiganja changu. Jumapili alianguka kutoka kitandani nikashindwa kumwinua. Mume wangu akauliza kutoka nje, "Niingie?" Mama akaapa kwamba akiingia, hatakula tena chakula changu. Tulikaa sakafuni tukilia mpaka jirani akarudi kutoka kanisani, akamwinua.

Naogopa kumpoteza mtoto, naogopa kumpoteza mama. Sasa hivi analia ageuzwe, na mume wangu amesimama hapo nje. Nyinyi wa Bungoma mnaoujua mwiko huu, mngekuwa mimi, mngemfungulia mlango?